Kiwanja Namba 41, Mtumba

Nilikuwa na kamba, vigingi na darubini ya upimaji
siku alipofika, saa nne, jua limeshakasirika.
Gari jeusi la bendera likaacha lami,
likaingia vumbi letu jekundu, likazimika.
Akashuka mtu mfupi, viatu mkononi.

"Mheshimiwa," nikasema, "hapa pana mbigili."
"Tunajuana," akajibu, kwa Kiswahili kipya
ambacho bado kilinukia dukani.

Souvanh Phommachak. Balozi.
Nimelitamka jina hilo hadi likalainika mdomoni.
Mtoto wa tano wa mpanda mpunga, bondeni mwa Mekong,
alizaliwa mwaka mabomu yalipomwagwa mashambani
kama mbegu; na mengine, alisema,
yamelala hadi leo, hayajaota.
Kaka yake alilikanyaga moja.
Hapo aliinama, akavaa kiatu kimoja.

Maisha yake nimeyapata vipandevipande,
kama ninavyopima: hatua hapa, hatua kule,
katikati nakisia.
Karani wa ghala la mchele.
Mjumbe wa kijiji, kwa sababu alijua kuandika barua.
Bungeni miaka kumi na minane, kiti cha nyuma, karibu na feni.
Waziri wa umwagiliaji miezi kumi na moja:
mkutanoni aliuliza, kwa sauti, bwawa jipya
litazamisha vijiji vingapi.
"Kwetu," akacheka, "mtu wa maswali hafukuzwi.
Hupandishwa cheo mpaka avuke mpaka."
Wakampandisha hadi Hanoi,
wakampandisha hadi Jeneva,
wakampandisha hadi hapa kwetu, nchi ya upepo na mtama,
aje kuchagua pa kujenga ubalozi.

Nikamfungulia ramani. Eka mbili, mawe manne ya mpaka.
"Palikuwa pa nani?"
"Pa serikali, Mheshimiwa."
"Kabla."
Miaka tisa kazini, sikuwahi kuulizwa *kabla*.
Nikamwambia: Ndahani Mahinyila, mjane.
Alilima uwele, na karanga pembeni. Alilipwa fidia.
"Kiasi gani?"
Nikakitaja.
Hata bendera ya gari ilinyamaza.

Usiku ule, hotelini mjini, alisoma hotuba:
*urafiki wa kihistoria, ushirikiano wa kusini na kusini,*
maneno yaliyopigwa pasi pande zote mbili.
Nilikaa meza ya mwisho, na mvinyo wa zabibu zetu,
nikimtafuta yule mwenye mbigili nyayoni.
Hakuwepo. Alikuwepo balozi.

Nilimpata Februari, Bahi, majarubani,
suruali imekunjwa magotini.
Alichomoa mche wa mpunga, akanusa mizizi,
akaurudisha kwa dole gumba, taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.
Wanawake wa Bahi wakamcheka, wakamwachia mstari mzima.
Aliumaliza. Haukupinda.
Mimi mpimaji nasema: haukupinda.

Kisha akataka kwenda kwa Ndahani.
"Mbukwenyi," alisalimu mlangoni, akakosea mkazo.
Akaletewa ugali wa uwele na mlenda.
Akamega, akaufinyanga kwa vidole vitatu, akatia dole,
akachota bila tone kudondoka.
Ndahani akanigeukia mimi, si yeye:
"Huyu ana mama."
Sikutafsiri. Hakuuliza.
Waliongea nini wale wawili jioni yote
bila lugha, sijui; mimi nilikuwa nje na dereva.

Muhula wake ukaisha kabla ya matofali.
Fedha za ujenzi zilibaki kwenye karatasi za kwao,
na yeye alirudi kwao, kustaafu au kuulizwa maswali,
habari zilitofautiana.
Bahasha moja ilinifikia kupitia wizarani, imeshafunguliwa.
Ndani, punje za mpunga, na mstari mmoja:
*Hizi zinastahimili ukame, labda.*
Hazikustahimili. Mtumba si Bahi.

Kila robo mwaka naenda kukagua.
Mawe ya mpaka yapo yote manne.
Kati yake, uwele umenifika kifuani,
na pembeni karanga, na nyayo za mtu
anayeamka mapema kuniliko.
Natoa kalamu. Najaza fomu:
*Kiwanja namba 41. Hakijaendelezwa.*