Nguruzi Mfukoni

Oktoba kreni iliitoa majini,
ikachuruzika, ikajizungusha hewani kama mwenye aibu.
Lindroos akaisimamisha juu ya gadi sita
nyuma ya banda lake, kaskazini ya Vaasa,
pale upepo unapopita bila kusalimia.

Kaka yangu Tauno alisema: nguruzi ibaki.
Tundu ni mlango, na panya wa Ufini hawabishi hodi.
Mimi nikasema: itoke.
Mashua iliyo nchi kavu ni bakuli tu,
na bakuli la nje halichagui mvua.
Tuliinunua nusu kwa nusu,
lakini tundu haligawanyiki.
Nikaichomoa mbele ya macho yake.

Novemba nikapanda ngazi, tochi mdomoni,
nikainua ubao karibu na shina la mlingoti.
Maji. Vidole vinne, meusi kama kahawa ya jana,
na njiti ya kiberiti ikielea kwa fahari.
Nikachovya kidole, nikaonja.
Ndivyo baba alivyotufunza:
yenye chumvi yametoka chini, yasiyo chumvi yametoka juu;
ukijua mlango, umemjua mgeni.
Lakini bahari ya kwetu imetiwa chumvi ya mgonjwa wa presha.
Ulimi ukasita. Nikaonja tena.
Dizeli, hiyo niliitambua.

Nikafua kwa kopo la mtindi, makopo tisini na moja,
kisha sifongo, kisha fulana kuukuu ya Tauno
(zilikuwapo nyingine).
Ndipo nikasikia: ti.
Kimya.
Ti.
Mvua ilikuwa ikishuka ndani ya mlingoti,
imeingilia kileleni, kamba zinapopita,
mita kumi na moja za giza, tone kwa tone,
bila haraka, kama mtu mwenye ufunguo wake.

Kileleni siwezi. Nina miaka sitini na minne
na magoti yana maoni yao.
Nikashuka, nikatambaa chini ya mashua:
nguruzi imerudishwa, imekazwa kwa spana,
na mtu nimjuaye.
Nikaichomoa mara ya pili. Sikumwambia.
Ikakojoa kidogo thelujini, alama ya kahawia,
ikatulia.
Tunduni nikabandika kichungi cha chai,
kwa heshima ya panya.

Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Maji yakigandia ngamani hayaombi nafasi, hujipa.
Mashua ya Hedman, ya tatu kutoka yetu,
ilipasuka usiku, mlio wa ukuni ukivunjwa gotini,
na asubuhi Hedman alisimama kando yake
ameshika kofia.
Yetu nilipitisha kiganja baina ya mataruma:
vumbi.
Nilikaa kwenye ngazi nikaliangalia vumbi lile kiganjani
mpaka vidole vikafa ganzi.

Mei. Kreni tena. Asubuhi ile
nilikibandua kichungi kwa mkono wangu, nikijisifu.
Tauno amesimama omo, amejipa unahodha.
Mashua ikagusa maji, ikakaa, ikashusha pumzi.
Lindroos akafungua mikanda, akaenda kunywa kahawa.
Kisha, chini ya ubao, nikaisikia
sauti niliyoifukuza miezi saba,
ila safari hii haikusema ti.

Nikajipapasa. Koti jepesi.
Leso, risiti, peremende mbili.
Nguruzi iko nyumbani, katika koti la baridi,
kabatini.
Kavu.

Tauno akanitazama. Hakusema neno,
na neno alikuwa nalo.
Akapanda baiskeli yake isiyo na breki,
mlima wote wa kanisa, amesimama kwenye pedali.

Mimi nikalala kifudifudi sakafuni,
mkono ngamani hadi begani,
kidole gumba tunduni.
Bahari nzima ikasukuma ukucha mmoja.

Sikuhitaji kuonja.