Mahame, kwa Kikombe Kimoja cha Maji

Dumu ni mia tano hapa Kilimatinde,
na Ndahani, aliyelisukuma kwa baiskeli toka bombani,
ananitazama nikimimina kikombe kizima
ili nichore ukuta uliokwisha kuanguka.
"Mwalimu, si ungepiga picha tu?"
Simjibu. Karatasi imeshalowa.

Anga kwanza. Anga la Septemba halitaki buluu nyingi:
tone moja, kisha maji, kisha maji tena,
mpaka ibaki rangi ya shuka iliyofuliwa miaka kumi.
Chini ya ukingo, Bahi: mstari mmoja tu,
brashi ikiwa karibu kavu,
maana mbuga ile nayo karibu kavu.

Sasa boma.
Mawe nayaacha bila rangi,
weupe wa karatasi uwe jua linaloyapiga.
Kivuli ndicho fundi: naweka kivuli, mlango unatokea;
naweka kingine, dirisha linafumbua jicho.
Ngazi saba zinapanda hewani, hazifiki popote.
Chumbani kwa bwana shauri umeota mnyaa,
haukubisha hodi.

"Na hapa?" Ndahani anagusa kona niliyoiacha tupu.
"Babu wa babu yangu aliyabeba haya toka korongoni.
Kichwani. Bibi anasema utosi wake ulibonyea,
ungeweza kuweka yai la kanga, lisianguke."

Natafuta kisandukuni rangi ya utosi ule.
Kuna kahawia ya dukani, imekauka, ina ufa.
Basi nachota udongo mguuni pa ukuta,
nausaga kwenye kizibo cha soda,
nautemea mate, kwani kikombe kimeshachafuka,
na pale konani naweka alama ndogo,
si mtu, si jiwe.
Ndahani anaiinamia muda mrefu.
"Mkubwa zaidi," anasema. "Alikuwa mrefu."

Naongeza.

Saa tisa upepo unakuja na vumbi lake,
chembe zinanasa kwenye anga bichi.
Nataka kulia, halafu naacha;
vumbi lilikuwa hapa kabla ya boma.
Nyuma yetu mbuzi wa Mama Mbeleje
amekunywa kikombe: anga, kivuli, Bahi, vyote.
Ndahani anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
"Kameza serikali nzima!"

Namlipa mia tano.
Ananirudishia mia nne,
anafunga dumu kwenye keria kwa mpira:
yaliyobaki anayapeleka nyumbani,
wakapikie.