Wakala wa Nne

Kompyuta tisa ziko Shimanzi, ghorofa ya pili,
chumba kisicho dirisha, feni moja inayokohoa.
Mimi niko Tudor, miguu ndani ya beseni la maji,
nazituma kama watoto dukani:
wewe fungua laini ya forodha,
wewe waamkue madereva walioko Mariakani,
wewe ukiulizwa, sema bosi yuko mkutanini.

Amri niliziandika mara moja tu.
Saa kumi na moja alfajiri
kila wakala huamka, huvaa jina la mtu,
husema: Nimepokea. Shukran. Kontena litatoka leo.
Wenye majina bado wanakoroma Kisauni, Likoni, Mikindani.

Mama aliniuliza ni kazi gani hii ya kubonyeza gizani.
Nikamweleza. Mkono ukasita juu ya mchele, akacheka.
"Kumbe uwakili! Babako alinioa hivyo.
Yeye yuko Maskati, nduguye kaketi mkekani,
akasema nimekubali kwa mdomo wa kuazima,
nami nikaolewa kweli, si kwa kuazima."

Sikumwambia habari za wakala wa nne.

Wa nne huvaa jina la Kibwana Shee,
aliyekuwa akisahau nywila yake kila Jumatatu
na kunipigia, "Nifungulie, dadangu, mlango umenikataa."
Tulimzika Kikowani mwezi wa Rajabu.
Kesho yake, saa kumi na moja na dakika mbili,
akaandika: Nimepokea. Shukran.
Kitone cha kijani kando ya jina lake
kikawaka: yupo, yupo, yupo.

Siku arubaini. Dereva mmoja wa Malaba humjibu,
"Poa Kibwana, nisalimie watoto."

Jana nikamwambia Mama. Hakucheka.
Akapepeta ungo mara tatu, wishwa ukaruka,
ndipo akanena, "Uwakili hufa na mwenyewe.
Anayesema baada ya hapo, anamsemea nani?"

Ni mstari mmoja, wa mia mbili na kumi na sita.
Kidole kiko juu yake tangu saa nane.
Maji ya beseni yamekuwa vuguvugu.
Feni ya Shimanzi naisikia hadi huku, nayo haisikiki.

Nimeufuta.
Saa kumi na moja na dakika mbili, kitone kijivu.

Yule wa Malaba sikumwachia wakala.
Nimempigia mwenyewe, kwa laini yangu.
Ikaita. Ikaita.
"Nani mwenzangu?" akauliza.