Mpango wa Kukaa, Darasa la Pili B

Nilipewa ufunguo usiofungua kitu,
boksi la chaki, daftari la mahudhurio lililoloa pembe,
na watoto tisini na wanne.
Niliwahesabu mara tatu.
Mara ya tatu walikuwa tisini na sita:
wawili wa chekechea walifuata dada zao
wakakaa kimya wakitafuna muhogo.

Chuoni nilifundishwa dakika arobaini:
tano za utangulizi, kumi za maarifa mapya,
vikundi, zoezi, hitimisho.
Hakuna aliyeniambia kuchonga penseli ni somo zima,
kwamba wembe ni mmoja, unakaa mfukoni kwangu,
na foleni yake inafika mlangoni.

Basi nikajiandaa. Usiku, Vingunguti, sakafuni,
nikapasua mifuko ya sementi, nikageuza upande safi,
nikaandika ba be bi bo bu kwa kalamu nene,
nikizisoma kwa sauti
mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama nina maruhani.
Vizibo vya soda nilivipata kwa Mangi, mia mbili,
nikavichemsha, nikavitoboa, nikavitunga kumi kumi.

Na nikachora mpango wa kukaa.
Wafupi mbele, warefu nyuma,
wasumbufu karibu na mkono wangu,
Kulwa mbali na Doto.
Nikaubandika ukutani kwa gundi ya ngano.
Niliupenda kama mtu anavyopenda
nyumba aliyoijenga kwa rula.

Kufika mapumziko, wamehama.
Nikawarudisha. Wakahama.
Bila ubishi. Makalio yaliteleza kwenye dawati,
inchi kwa inchi, macho yakiwa kwangu,
hata pembe ya kushoto ikabaki wazi kama pengo
na madawati mengine yakabeba watano watano.
Hivyo wiki nzima, na siku tatu juu yake.

Alhamisi nikachoka.
"Havijawa, mahali pako ni wapi?"
Akanyoosha kidole ukutani, kwa adabu,
kwenye jina lake la wino mwekundu.
"Kakae."
Akaenda, peke yake.
Akavua viatu kwanza, akaviweka juu ya dawati.
Nikaandika kwenye daftari langu: jeuri.

Nje kulikuwa na wingu. Sikulitazama.

Tulikuwa kwenye kutoa kwa kukopa
masika yalipoliangukia bati.
Hakuna mwalimu mwenye sauti ya kulishinda bati lile.
Katika pembe ya kushoto, tone,
kisha uzi, kisha bomba,
na mtoto ameshaingiza kitabu ndani ya blauzi,
ameinua miguu,
kidole chake kinaandika hewani
kumi na tatu toa tisa.

Darasa zima likanitazama.
Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Mwalimu Makukula wa Pili A akachungulia dirishani,
mfuko wa nailoni kichwani:
"Kumbe hukuambiwa? Pale hakai mtu mwezi wa tatu."
Akakimbia kuokoa chati zake.

Jioni nikabandua mpango.
Ngano ilikuwa imeshika, ukatoka na chokaa.
Nikamwita Havijawa, nikamwambia nimekosa.
Alitazama miguu yangu muda mrefu,
kama anayesubiri sehemu ya pili ya adhabu.
Kisha akauliza kama kesho
vizibo anaweza kugawa yeye.
Anaweza.

Mpango mpya waliupanga wao.
Mimi nilishika chaki tu, nikachora duara pale pembeni,
ndani yake nikaandika: karai.
Kulwa yuko na Doto. Wanapiga kelele
ileile waliyokuwa wakipiga kutoka mbali.

Fomu ya andalio la somo ina safu mbili za mwisho.
Tathmini ya wanafunzi: sabini na mmoja wameweza kukopa,
waliobaki kesho, kwa vizibo.
Tathmini ya mwalimu niliiacha wazi
mpaka karai likajaa mara ya pili.
Mwalimu mkuu hupenda maneno mawili tu pale,
naye husaini bila kusoma.
Nikayaandika: Somo limeeleweka.
Sikusema na nani.