Soksi kwenye Kioo

Mvua ya kwanza imeipiga Uyole usiku,
imeosha vumbi la miezi sita juu ya bati,
na asubuhi mlima Loleza umesogea karibu,
mbichi, kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Nyuma ya nyumba ua wangu hauna adabu tena.
Fumbwe, ambaye mwezi wa nane alikuwa kahawia
nisimjue kati ya wenzake,
ameota mkia mrefu kuliko akili zake.
Anapanda, anashuka, palepale hewani,
juu ya kichwa cha jike,
kama kitu kilichofungwa kwenye mpira.
Jike anadonoa ulezi niliomwaga.
Anadonoa. Hajainua shingo.

Mnana amechana majani ya mgomba wangu,
akatundika nyumba, akaning'inia chini yake
kichwa chini miguu juu, mbawa zikitetema:
njoo uone, njoo uone.
Mwenyewe akaja. Akaingiza kichwa, akatoka,
akauvuta unyasi mmoja wa mlangoni,
akaenda zake.
Jioni mnana alikuwa anabomoa.
Sikucheka. Nami niliwahi kurudisha
doti mbili za khanga na redio ya mbao
kwa kijana wa Igurusi aliyesema sana.

Saa nne huja Anyosisye na pikipiki,
eti kuulizia mbegu za viazi.
Mbegu alishanunua. Mara tatu.
Anaegesha penye mparachichi, anapangusa viatu,
anaongea na mimi
kwa sauti ya kusikika jikoni.
Jikoni Subilaga anachambua maharage.
Anachambua. Hajainua shingo.

Aliyeharibu mambo ni chozi.
Alitua kwenye usukani, koo likiwaka kijani,
akaona kiooni dume jingine,
zuri vilevile, lenye hasira vilevile.
Akalipiga. Likampiga.
Tak, tak, tak, siku tatu,
huku mkewe, wa rangi ya majivu,
akinyonya ua la mgomba peke yake.
Anyosisye akacheka: "Mwacheni, mama,
mwanaume lazima apambane."

Ndipo Subilaga akatoka,
vumbi la maharage viganjani,
akaanua soksi moja kambani,
ya kijivu, yenye kiraka kisiginoni,
akakivisha kioo.
"Anajichosha bure," akasema.
Hakusema nani.

Chozi alikaa juu ya usukani kitambo,
mdomo wazi, akihema.
Kisha akakumbuka ua la mgomba.

Na yule mwingine akaondoka saa saba,
akaingia barabara kuu kati ya malori ya Tunduma
bila kuona yanayomjia nyuma.
Hakuivua.

Leo Alhamisi, mvua tena.
Nimehesabu kambani: soksi bado ni moja.
Pikipiki inanguruma kwenye kona ya mashine ya kusaga,
na jikoni maharage
yaliyokuwa yakidondoka bakulini, moja moja,
yamenyamaza.