Routa wa Mikoba Mitatu

Kajaani, saa tisa usiku.
Theluji imeziba kidirisha cha jikoni.
Nimetoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
vidole bado vinanuka klorini,
na nawasha kompyuta kabla ya kuteleka kahawa.

Routa yuko pale pale nilipomwacha,
mlangoni mwa nyumba ya wageni,
anavuta zile pumzi nne alizochorewa.
Jina lake ni ile baridi inayokaa ndani ya udongo.
Nilimpa mwaka nilioachana na Jorma,
nikamchagulia mabega mapana kuliko yangu.

Tulikuwa kikosi, kila mtu na lake.
Aarne alikula vipigo:
ngao mbele, matusi nyuma,
zimwi linamkodolea yeye peke yake.
Sanelma alitufunga majeraha.
Mimi na Ilmari kazi yetu kung'ata.
Kisha Aarne akapata pacha.
Akawa anakuja mara moja kwa juma, mara moja kwa mwezi,
mwishowe taa yake kwenye orodha ikabaki kijivu.

"Tafuta mwingine," akasema Ilmari.
Mwingine yupi? Wala vipigo ni adimu
kama nyanya za Kajaani mwezi wa kwanza.

Ndipo nikachukua daftari la miraba
nikaanza kumjenga upya.

Pointi hamsini na moja, basi.
Ukimpa ngozi ngumu, umemnyima mkono mwepesi.
Ukimpa dua ya kuponya, upanga unakuwa butu.
Nilifuta, nikaandika, nikafuta, karatasi ikatoboka.
Njia mbili zilimshinda fisi, najua,
lakini fisi hakuwa na daftari,
wala hakutozwa dhahabu kwa kila kujikwaa.

Mkoba wa kwanza: deraya, na ngao inayolia kama lori la taka.
Wa pili: joho la kitani na fimbo.
Wa tatu: upinde, na podo ambalo halijai kamwe.
Amebeba nguo nyingi hata mkate hauna pa kukaa.

Wazoefu walinicheka:
mpishi wa vyungu vitatu huunguza vyote.
Walisema kweli, kiasi.
Ngao yangu ilizuia robo tatu ya alichozuia Aarne,
dawa yangu ilichelewa nusu pumzi.
Lakini hata kazini ndivyo nilivyo,
leo mashine, kesho kukunja, keshokutwa kusukuma toroli,
na hakuna mgonjwa aliyelala bila shuka.

Halafu usiku ule, pangoni kwa Malkia wa Chumvi.
Sauti ya Sanelma ilikatika katikati ya neno, "subi—"
Huko Suomussalmi mti ulikuwa umeangukia waya wa umeme.
Mhusika wake akabaki kasimama kama nguzo,
na nguzo haiponyi mtu.

Katikati ya vita hakuna kubadili nguo.
Unapigana na ulichovaa.
Ila nilikuwa nimetupa pointi tatu
kwenye dua ndogo kuliko zote, iitwayo Kiraka,
ile waliyoichekea zaidi.
Mkono wa kushoto ngao,
mkono wa kulia nashona mbavu za Ilmari,
kiraka, kiraka, kiraka,
kahawa imepoa, shingo imekufa ganzi,
na Malkia anapungua, anapungua,
amebakiza asilimia mbili.

Tulikufa.
Sitalipamba: tulikufa wote, chumvi ikatufunika.

Kimya. Kisha Ilmari, ambaye hasifu hata harusi:
"Dakika nne. Bila mponyaji."
"Na nusu," nikamsahihisha.

Sanelma akapiga simu, anatafuta mshumaa gizani.
"Mko hai?"
"Hapana," tukajibu kwa pamoja,
na akacheka mpaka akaangusha kitu kilichovunjika.

Sasa nimemrudisha Routa mlangoni.
Kwa ushindi mdogo wa njiani amepanda ngazi moja,
amepewa pointi moja mpya, inamemeta pembeni ya skrini.
Ilmari anauliza nitaiweka wapi:
ngao, dawa, au mshale?

Sijui. Pengine ipo kazi ya nne
ambayo bado hatujaipungukiwa mtu.
Naiacha hapo hapo imemeta.
Nazima, naenda kulala na soksi zangu.