Pini Nne

Saa nane na nusu tumefunga mapazia ya maabara,
ingawa Sunderland, mwezi wa Novemba,
haingoji pazia ili iwe na giza.
Nimegawa matofali ya kioo, kumi na mawili.
Moja limemeguka pembe; hilo huwa la aliyechelewa.
Leo ni la Kieran Raine.

Bi Thirlwell ndiye anayefundisha. Mimi ni wa vifaa:
kuosha, kuhesabu, kufunga kabati.
Lakini kijana ameniita mimi.

Amechora mwali unaoingia, amechora unaotoka,
na kati yake, mahali palipolala kioo,
amepiga mstari kwa rula, mnyoofu kama reli,
hata haugusi alikotokea mwali.
"Ulikuwa umepinda," akasema. "Nikaunyoosha."

Sikucheka.
Nimejaza fomu ngapi nchi hii kwa rula hiyo hiyo.

Nikamwambia: Chomeka pini mbili upande ule.
Inama, jicho liwe usawa wa meza.
Sasa mbili upande huu, taratibu,
mpaka zote nne zifichane,
mpaka uione moja.
Akainama, ulimi nje,
pumzi ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa sweta.
"Moja," akasema.

Haya, kiondoe kioo.

Kimya.
Mbili huku, mbili kule,
jozi mbili zilizokosana mlangoni.
Macho hayana pazia, walisema wahenga.
Hawakusema hayana kona.

Nikamweleza lile toroli la dukani
likiacha lami kuingia nyasi kwa mshazari:
gurudumu moja linakwama kabla ya mwenzake,
toroli lote linageuka, wala hukuligeuza.
Likirudi kwenye lami, linajigeuza tena.

"Kwa hiyo mwanga unarudi kwenye njia yake?"

Unarudi kwenye mwelekeo wake.
Njia yake ni hii, ya nukta nukta, ambayo haukuipita.
Pima.
Akapima: milimita kumi na saba.
Akaandika, akaizungushia duara, kengele ikalia,
akaondoka bila karatasi.

Nimeviringisha matofali kwenye vitambaa, lililomeguka mwisho.
Nimefungua pazia.
Karatasi ya Kieran naiinua dirishani:
matundu manne,
na taa ya barabarani, iliyowaka mapema,
inapita yote,
kila moja kivyake.